Kutembea Tu Mtito Andei

Mume wangu hana tabia ya kutembea. Safari zake ni za soko la Wote, kanisani na matangani. Na mwaka huo matanga yalikuwa yamezidi. Mengine sikusikia hata nani amekufa. Basi aliposema twende Mtito Andei "kutembea tu", huku amevipiga viatu rangi tangu alfajiri, nilijiambia dalili ya mvua ni mawingu. Ana mwanamke huko, na leo nitaonyeshwa.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa zaidi kuliko wake wengine. Tulianza kukaa pamoja tukiwa vijana, tukazaa, tukajenga hapa Kathonzweni, lakini mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao Mkamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana ili awe mke kweli, hawakuwahi kufika kwetu. Kila mwaka ulikuwa na ukame wake au karo yake. Mwanamke wa namna yangu, mume akileta mwingine, ukoo humwambia abebe sanduku lake aende. Shamba lile nimelilima miaka yote nikilijua hilo.

Tulienda na gari la kuazima, Probox. Njia nzima nilimtazama kwa pembe ya jicho, naye akaniuliza kama nasikia baridi.

Mtito Andei ina watu wake, na malori ya barabara kuu hayaishi, lakini mvua ikianza watalii wa Tsavo hupotea. Hoteli aliyonipeleka ilikuwa na meza tupu, vyura kwenye bwawa la kuogelea na twiga wa kuchongwa waliofunikwa nailoni. Mhudumu alitoka mbio kutupokea.

"Karibuni wazee! Mzee, leo umekuja na mama?"

Leo! Nikamgeukia. "Kwani siku zingine anakujanga na nani?"

"Pekee yake, mama. Anakunywa chai, anakaa tu."

Wanafunikiana, nikawaza. Tulikaa. Chai ilichukua muda mrefu kama ng'ombe alikuwa anatafutwa kwanza. Tumbili akashuka akaiba mkate wangu, sikumfukuza. Simu ya mume wangu ikalia, akainuka, akaenda kuongelea kule bwawani, kwa sauti ya chini. Ikalia tena, akaenda tena. Aliporudi nilikuwa nimechoka kujizuia.

"Kama ako hapa, mlete. Nimuone nimalize."

"Nani?"

"Huyo wa simu."

Kabla hajajibu, simu yangu ikalia. Alikuwa kaka yangu, kutoka nyumbani kwetu, na nyuma yake nilisikia kelele za watu.

"Dada, mbona hukutuambia? Mashemeji wamekuja na mbuzi za ntheo! Tatu, zote zimenona. Wazee wamepokea, moja tumechinja."

Nililia palepale, bila aibu. Kumbe ndugu zake ndio waliokuwa wakipiga simu. Mwenyewe alikuwa amenileta mbali nisipate habari mapema nikaanza maswali. Nilimshika mkono. Nilikuwa mke.

Lakini shaka ni kama kupe, haitoki kwa siku moja. Mvua nzuri zilikuja mara ngapi na mbuzi hawakwenda? Mtu huyu namjua. Hafanyi jambo bila kusukumwa.

"Hizo matanga," nikamuuliza, "ulikuwa unaenda wapi?"

Alizungusha kikombe chake. "Voi. Hosi."

Alikuwa amechagua mbali, asionwe na mtu wa kwetu. Akitoka kwa daktari alikuwa akishuka hapa kukaa, mpaka uso wake uwe wa kurudi nao nyumbani.

"Daktari anasema sitamaliza mwaka," akasema. "Lakini sasa hata nikienda, hakuna mtu atakutoa kwa hiyo shamba."

Asubuhi yote nilikuwa nimemwomba Mungu kusiwe na mwanamke. Sasa nilitazama mlango wa hoteli ile tupu nikamtamani, nikatamani aingie na viatu vyake virefu, avute kiti, aseme huyu ni wangu.