Walisema Namkorogea Limbwata

Mie sikufundishwa na mganga kuchanganya vinywaji. Nilijifunzia kwenye kaunta ya hoteli moja mjini, nilikoajiriwa baada ya kidato cha nne, mpaka hoteli ilipouzwa kwa mtu binafsi na tajiri mpya akaona tumbo langu linamharibia kaunta yake. Nikaondoka na mimba na ujuzi wangu.

Jumapili moja, mtoto nimeshamwachisha ziwa, nikaamua kumtengenezea mume wangu kinywaji cha maana, pale kwetu Gongo la Mboto. Maduka yalishaanza kujaa vitu vya nje. Nilikuwa nimepata chupa ndogo ya pombe tamu ya Ulaya, ya kijani, ya majani na mizizi. Barafu nikanunua kwa jirani mwenye friji, nikaiponda kwa mchi. Nikamimina jin, nikaongeza ile ya kijani kidogo tu, nikakoroga. Kinywaji hiki hakitikiswi. Kijiko kinaambaa na ukuta wa glasi, taratibu, bila kelele, mpaka glasi itoe jasho.

Mama mkwe na wifi walikuwa wamekuja kututembelea. Wifi, mwanangu kambeba, akachungulia jikoni, akaona nimeinama nakoroga kitu cha kijani kimya kimya, na chupa ina picha za majani.

"Mama! Njoo umwone mkamwana wako! Kumbe ndiyo maana kaka hasikii la mtu!"

Mama mkwe akaishika chupa kwa ncha ya kanga. "Limbwata hili! Mwanangu kashalishwa! Leo unarudi kwenu, na mtoto anabaki."

"Ni pombe, mama. Nusa."

"Ninuse niwe zezeta kama mwanangu?"

Mume wangu akaja. Nikampa glasi. Akaitazama, akamtazama mama yake, mikono yake akaiacha mfukoni. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Nikainywa mwenyewe, yote, mbele yao. Ilikuwa baridi, chungu kidogo, tamu mwishoni.

"Kama ni limbwata," nikasema, "basi kuanzia leo nitajipenda mwenyewe."

Nikamtoa mtoto mikononi mwa wifi, nikamfunga mgongoni, nikavuta kigoda mpaka mlangoni, nikakaa. Anayemtaka mwanangu anipite kwanza mie. Hakupita mtu.

Walipoondoka, mume wangu akaomba na yeye akorogewe. Nikamwambia akamwombe mama yake.