Mkate wa Ijumaa na Mbuzi Wetu

Siri yangu ilitolewa na mbuzi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikiisimulia habari hii hujikuta nimeanza na maradhi, na hofu ya watu, na barabara zilizofungwa, na nikifika kwenye kosa langu mwenyewe msikilizaji ameshanihurumia. Sitaki kuhurumiwa. Tulikuwa na mbuzi wanne nyumbani kwetu Ibra, saa mbili kwa gari kutoka Maskati, na baridi ile walikula vizuri kuliko mama yangu mzazi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Mama. Mimi nasomesha biolojia katika skuli ya wasichana, na msimu ule nilisomeshea kwenye meza ya kulia chakula, shela kichwani na suruali ya kulalia chini, nikizungumza na kompyuta ambayo wanafunzi wote wamezima kamera zao. Mama alikuwa amepindukia miaka themanini, magoti yamechoka, vidole vimekakamaa, na daktari alishasema kwamba mtu kama yeye ndiye wa kuchungwa. Nikamchunga. Nilifuta vitasa vya milango asubuhi na jioni, niliosha ndizi zilizoletwa kutoka Birkat al Mauz kwa sabuni moja moja, na mtu akipiga chafya barabarani nilifunga dirisha. Mama alinitazama tu. Siku moja alisema kwamba hata marehemu baba yangu, aliyekuwa na wivu, hakumfungia hivyo.

Hatukukosa raha zetu lakini. Asubuhi nilimtolea kiti uani kwenye jua, nikamfunika blanketi, tukanywa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi mpaka koo linawaka. Jioni, watu wakishakatazwa kutoka, nilipasha tende kwenye samli kidogo, nikanyunyiza ufuta, naye akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Tulikaa hivyo, yeye na beseni lake, mimi na daftari zangu, tukisikilizana tunavyotafuna. Nilifikiri nimeweza. Nilijiona binti mwema, na nikizungumza na ndugu zangu walioko Maskati kwa simu sikuwaficha kwamba najiona hivyo.

Kilichobadilika ni Ijumaa. Miaka yote, baada ya sala ya Ijumaa, jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa akija na mkate wa kumimina kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, akakaa na Mama mpaka Alasiri. Maradhi yalipokuja aliacha kuingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua, kwa ajili ya Mama. Aligonga geti, akaweka sahani juu ya kibaraza cha nje, akarudi nyuma hatua tano sita, akanisubiri nitoke tuamkiane kwa mbali. Mimi humwita khalti, yaani mama mdogo. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na mwanawe aliyezoea kuja na wajukuu kutoka Nizwa alikuwa hawezi kupita vizuizi vya barabarani.

Hapa sharti niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi kwa sauti. Sisi tulitoka Unguja. Khalti na watu wake walitoka bara, huko Kigoma. Kwa Waarabu wa mtaani kwetu sote ni kitu kimoja, watu wa Kiswahili, lakini sisi kwa sisi tunajua nani wa visiwani na nani wa bara, na sisi wa visiwani tuna namna yetu ya kulitamka hilo neno bara, pua imepanda kidogo. Mama hakuwa nayo. Khalti alipofika Ibra, bi harusi mgeni, miaka arubaini iliyopita, Mama ndiye aliyemtia jikoni kwetu akamfundisha kuroweka mchele, kusaga kwa tui zito, kuumua, kumimina, kuweka makaa juu ya kifuniko. Mimi nilikuwa mdogo nasoma chumbani na sikutaka kuitwa jikoni. Mama mikono ilipomkataa, mkate wake ukawa unatoka nyumba ya pili.

Ijumaa ya kwanza ya baridi ile nilipokea sahani, nikafunga geti, nikasimama uani. Mkate ulikuwa bado wa moto chini ya kitambaa. Harufu ya hiliki ilinipanda, na mate yalinijaa, sitadanganya. Kisha nikaanza kufikiri. Nani amepita jikoni kwake? Mikono ameosha? Kwake pakoje? Nyumba ya khalti nimeingia tangu utoto, na ni safi kuliko ya kwetu. Nilijua hivyo, na bado nikajiuliza kwake pakoje. Zizi la mbuzi lilikuwa pale pale pembeni mwa geti. Nikaukata mkate vipande, nikawatupia.

Sahani niliiosha kwa klorini mpaka mikono ikanuka. Na kwa kuwa kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, nilitia pakiti ya biskuti za dukani, imefungwa vizuri, kiwanda kimeipiga muhuri. Nikairudisha kibarazani kwake, nikagonga, nikasema ahsante kwa mbali. Aliitazama ile pakiti kwa muda. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akuweke."

Mama alipoamka aliuliza mkate. Nikasema hakuleta. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba naogopa, lakini nilimjua, angesema ulete hivyo hivyo nile nife. Akauliza kama khalti mgonjwa. Nikasema hapana, nimemwona mzima. Hata uongo wenyewe sikuujua kuupanga. Nikamwacha Mama na jirani mzima wa afya aliyeacha tu kumletea mkate.

Juma lile lile msichana mmoja darasani aliniuliza kama maradhi yanapita kwenye chakula. Nilimjibu vizuri sana. Nilieleza pumzi, nikaeleza moto unavyofanya kazi, nikawatoa hofu. Nikisomesha, niliwasikia mbuzi dirishani.

Na kuna la halwa. Kati ya Ijumaa ya pili na ya tatu alipita binamu yangu, wa visiwani kama sisi, amebeba bakuli la halwa iliyokwisha kuliwa nusu nyumba mbili tatu kabla ya kwetu. Alama za vidole zilikuwemo ndani ya halwa. Sikuitupa. Nilikaa na Mama tukaila kwa vidole vyetu, tukalamba, nikasema halwa ya safari hii wameijaza zaafarani. Wala haikunijia akilini kwamba kuna chochote cha kuogopa. Ilinijia baadaye sana, nimelala, na nilivuta blanketi juu ya uso ingawa chumbani sikuwa na mtu.

Khalti alipiga simu kila Jumamosi kumjulia hali Mama. Mara mbili za mwanzo walizungumza, na hakuna aliyetaja mkate, kwa sababu kwetu zawadi haiulizwi wala haitangazwi. Baada ya Ijumaa ya tatu Mama aliitazama simu ikilia kwenye mto, akaiacha.

"Mwambie nimelala," alisema.

Nikamwambia khalti Mama amelala. Jumamosi iliyofuata amelala tena. Mama akaanza kukataa tende za jioni. Alisema hana hamu ya tamu. Alitia miguu kwenye beseni, na usiku mmoja, bila kuulizwa, akasema kwamba mtu akizeeka hata jirani humchoka, na kwamba hamlaumu, miaka arubaini ni mingi. Nilikuwa nimepiga magoti namkausha miguu. Ningesema pale pale. Nilimpangusa vidole kimoja kimoja, nikamvalisha soksi, nikaenda kumwaga maji. Nilikuwa navunja kitu ambacho si changu, najua kwamba nakivunja, na nilichoogopa zaidi ni kuonekana.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho Ijumaa ya tano. Kawaida Mama hulala baada ya sala. Siku ile baridi ilikuwa imeingia ndani ya kuta, akatoka mwenyewe na mkongojo wake, akakaa uani kwenye jua, nami nilikuwa chumbani sikumwona. Geti likagongwa. Kabla sijafika mlangoni mbuzi wote wanne walikuwa wamesimama upande wa geti, wamepandisha miguu ya mbele juu ya mbao, wanapiga kelele kama watoto waliosikia sahani. Nikatoka, nikaamkia, nikapokea, nikageuka na mkate mkononi nikielekea zizini kama nilivyozoea. Mama alikuwa ananitazama.

Akawatazama na mbuzi.

"Tangu lini hawa wanyama wakajua leo Ijumaa?" aliuliza.

Sikupata uongo. Nilikaa juu ya sakafu ya ua nikamwambia yote, Ijumaa ya kwanza mpaka ile, na biskuti, na klorini. Nilipomaliza alinyoosha mikono nikampa sahani. Akaiweka mapajani, akafunua kitambaa, akapitisha kidole chake kilichopinda juu ya ngozi ya mkate ilipoiva rangi ya kahawia.

"Huu mkate wangu," alisema. "Nimemfundisha mimi. Umewapa mbuzi mkate wangu."

Nikaanza kueleza habari ya daktari. Akanikata kauli.

"Na halwa ya binamu yako je? Si tumekula?"

Mama alijua jibu lake ni nini, nami nilijua, na wala hakunikumbusha kwamba mimi ndiye mwalimu wa biolojia. Nilitamani anigombeze. Alimega mkate akaula taratibu, machozi yanamtoka, na nilishindwa kujua analia kwa mkate, au kwa simu zile alizoziacha zilie, au kwa kuona amezaa nini. Baadaye alisema sahani irudi kesho, na isirudi na kitu cha dukani. Irudi na nilichokipika mimi, kwa mikono hiyo hiyo iliyowalisha mbuzi.

Nikaroweka mchele usiku ule. Asubuhi nilisaga, Mama amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko akiniamrisha. Tui lako jepesi. Hamira umezidisha. Unapiga kama unamchapa mtu. Ulipoumuka nikamimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, nikatia moto chini na makaa juu, na kwa haraka zangu nikazidisha wa chini. Kilichotoka kilikuwa kimezama katikati na kuungua chini, harufu ya hiliki na ya moshi pamoja. Nikasema nitapika mwingine. Mama akasema hapana, mpelekee huo huo, auone.

Sijawahi kwenda hatua ishirini nzito namna ile. Nilivaa barakoa, na nilishukuru kuwa nayo, ilinificha nusu ya uso. Nikagonga, nikaweka sahani kibarazani, na khalti alipofungua nilikuwa nimerudi nyuma hatua zangu tano sita.

"Shikamoo khalti."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikasema, khalti, ile mikate.

"Najua," alisema. "Nikianika nguo juu ya dari, naliona zizi lenu."

Alikuwa ameona tangu Ijumaa ya pili. Nilimuuliza kwa nini basi aliendelea kuleta, na sauti yangu haikuwa sauti ya mwalimu. Akasema mara ya kwanza alikasirika, akaapa kuacha. Halafu akafikiri huenda mama yangu anamegewa kipande kwanza, na mbuzi wanapewa masalio. Hakutaka Mama akose kipande chake kwa ajili ya hasira zake.

"Alikuwa anapata hata kidogo?" aliuliza.

Nikasema hapana. Hakuwa anapata. Nikasema pia kwamba Mama alikuwa anafikiri khalti ndiye aliyemchoka. Hilo ndilo lililompata. Alishika mwimo wa mlango, akaangalia upande wa nyumba yetu, nami nikataka kukimbia.

Kisha akaketi juu ya kizingiti chake, akavuta sahani niliyoiweka, akashusha barakoa chini ya kidevu. Hakuniuliza kama nimeosha mikono. Akamega pale palipoungua, akala mbele yangu, kipande baada ya kipande, akinitazama usoni, na mimi nimesimama barabarani kwenye jua nimejifunika. Alikula nusu nzima. Akasema sukari haikutosha.

Jumamosi hiyo simu ililia, na Mama aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Walizungumza mpaka Magharibi. Nilisikia wakicheka, na najua walikuwa wananicheka mimi, na nilikaa jikoni nasugua ile sufuria iliyoungua mpaka walipomaliza.

Ijumaa iliyofuata geti liligongwa tena. Mbuzi walifika kabla yangu, miguu juu ya mbao, wanadai haki yao. Nilipokea sahani ya maua mekundu, nikaikumbatia kifuani, nikapita mbele yao kuelekea kwa Mama, na nilishindwa kuwatazama.