Mama Mkwe Alivyonikimbia

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mtoto, na tangu hapo mikono ya watu haijanipa amani. Hapa Kitale ninaposhona nguo, nikisimama tu kando ya barabara na magongo yangu nikimngoja mteja, msamaria atanishika kwapani na kunivusha. Nimevushwa barabara ambazo sikuwa na haja nazo kabisa. Mmoja alinivusha huku akiniombea, na nilipomwambia kibanda changu kiko kule tulikotoka, alisema pole akaniacha papo hapo. Nina hasira za karibu, lakini utamgombezaje mtu anayekuombea?

Basi mwaka jana nikaenda na baba mdogo hadi Sirisia, huko Bungoma, kwa kina mchumba wangu, kupeleka posa. Suti nilijishonea mwenyewe. Sasa, kwa watu wetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakikutana, mmoja hupisha. Hiyo ndiyo heshima, na asiyepewa heshima hiyo si mkwe, ni mgeni tu.

Mjomba wa binti akaharibu mambo kabla hata chai haijaletwa.

"Haya mambo ya kukwepana tuwachane nayo," akasema kwa huruma tele. "Huyu kijana si mzima, bana. Mama atoke tu amsalimie kwa mkono, amsaidie kukaa vizuri. Si ni kama mgonjwa?"

Wazee wakaitikia, ati ni kweli. Mama akinishika mkono, posa imekwisha: nitapewa chai na mkate, nitaombewa, na nitarudi Kitale bila mke. Nikasimama niseme neno. Tulikuwa tumekaa uani na mvua ilikuwa imenyesha. Gongo likateleza, nikaanguka chali kwenye matope na suti yangu mpya.

Wakati huohuo mama alikuwa anatoka jikoni na chupa ya chai. Alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipolala.

"Mshike huyo, mama," mjomba akamwambia.

Mama akaweka chupa chini, akajifunika uso kwa leso, akageuka akakimbia. Mama wa watu, mnene na mwenye magoti mabovu, alikimbia mpaka nyuma ya jikoni, kuku wakitawanyika mbele yake. Sauti yake ikatoka huko, kali.

"Nimshike mkwe wangu? Mnataka kunitia aibu na uzee huu? Mwinueni nyinyi, si mna mikono?"

Nilibaki pale chini nikicheka huku machozi yananitoka, nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Mjomba akainama, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia aende akamwambie mama atoke tu, mkwe wake ataangalia upande mwingine.