Vita Vimekwisha, Mubebe Polepole

Sisi tuliokuwa watoto Uvira miaka ile, kabla simu haijaingia kila mfuko, tulikuwa na mchezo ambao sijauona kwa watoto wengine popote. Watoto wa mitaa ya jirani walicheza vita kama kawaida, kwa bunduki za miti ya mihogo na risasi za mdomo. Uwanjani kwetu vita vilikuwa vimekwisha kabla mchezo haujaanza. Babu, baba yake Mama, hakuruhusu hata risasi moja. Tulianzia pale Japani ilipokubali kushindwa, na kuanzia hapo kazi ilikuwa kubeba.

Ujanani Babu alichukuliwa kutoka Kongo ya Wabelgiji hadi Burma, awe msaidizi katika hospitali ya mahema. Siku habari ya ushindi ilipofika, wakubwa wake walifungua chupa wakaimba. Yeye alikuwa ameshika beseni la choo, na mwenye beseni anamwita. "Vita vilikwisha," alikuwa akituambia, "lakini beseni lilikuwa bado limejaa." Majeruhi waliendelea kuletwa. Meli ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kesho, halafu ya mwezi ujao, halafu hakuna aliyetaka kuulizwa tena.

Wenzetu shuleni walikuwa na mababu waliopiga watu. Sisi tulipomwuliza wetu aliua Wajapani wangapi, alitutazama kama watoto waliotapika mezani. Akasema hakuua, aliosha. Alimkumbuka mmoja hasa, mateka aliyeletwa baada ya amani kutangazwa, amekonda kama mwiko, akifumba macho kila Babu alipomsogelea na wembe wa kunyolea, akidhani ndiyo siku yake. Uji aliukataa kabisa. Babu alikuwa na hema zima la kulisha na uvumilivu ulikuwa umemwisha. Basi akakaa ukingoni mwa kitanda, akanywa nusu ya uji ule mwenyewe, akamsukumia uliobaki. Walikula hivyo, nusu kwa nusu, mpaka mtu yule akasimama kwa miguu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yetu kubwa ya vita. Hebu ipeleke hiyo shuleni. Tuliitwa wajukuu wa beseni mpaka tukahama.

Machela yetu ilikuwa magunia mawili yaliyopitishwa miti miwili ya mikaratusi, yakinuka mihogo iliyochacha. Mgonjwa alilala chali, kikombe cha bati kimejaa maji juu ya tumbo lake. Wabebaji tulipita kati ya kuku na ndagala, visamaki vya ziwani, walioanikwa, tukashuka ngazi za mawe hadi bombani, tukapanda tena. Tone likimwagika, Babu alitangaza kutoka kwenye kiti chake cha kamba: "Mumeua mgonjwa. Murudi mwanzo." Jua linachoma, harufu ya sombe, majani ya mihogo, inatoka jikoni, watoto wa jirani wamejipanga ukutani wanacheka, na sisi tunarudi mwanzo. Tukinung'unika, alituuliza haraka ni ya nini. "Vita vimekwisha. Mubebe polepole." Kumlilia Mama hakukusaidia. Yeye mwenyewe alikulia kwenye machela hiyo, na mara nyingi alitoka jikoni kuja kushuhudia kwamba ndiyo, tone ameliona. Siku mgonjwa alipofika salama, Babu alikunywa nusu ya maji yale, na nusu akampa aliyebeba.

Na miaka ileile redio ilitutangazia kwamba vita vya kwetu navyo vimekwisha. Vilikwisha mara nyingi mno. Kila mara wanaume fulani walishikana mikono mahali penye zulia, na kila mara Mama alichukua ndoo akaenda kutafuta bomba ambalo halijavunjwa. Mpaka leo, mtu akiniambia kwa furaha kwamba vita fulani vimekwisha, natamani kumwuliza beseni kashika nani.

Sasa tuko hapa Stockholm, na vijana wetu wamesoma. Noella, binti wa kaka yangu Amani, alifundishwa vita vile katika kurasa chache: mabomu, sahihi juu ya meli, sura inayofuata. Nilimwuliza, na baadaye? Akanijibu kwa Kiswidi kwamba baadaye haimo kwenye mtihani.

Basi Juni hii mdogo wetu Furaha alikuwa anaolewa kanisani Spånga. Alishasema hataingia mlangoni bila mkono wa Mama. Mama anakaa ghorofa ya tatu huku Fisksätra, nyonga yake ilivunjika wakati wa barafu, na lifti ilikufa wiki ya harusi. Amani alipiga simu, akasikilizishwa muziki, akaambiwa fundi atakuja Jumatatu. Akaeleza kwamba harusi ni Jumamosi. Akashukuriwa kwa uvumilivu wake na kuwekewa muziki tena. Noella alikuwa na suluhisho: bibi abaki kitandani, aonyeshwe harusi yote kwenye simu, hata ataona vizuri zaidi. Mama, amekwisha kuvaa kitenge chake na hereni, alinyoosha kidole kwenye kiti cha jikoni. Halafu akaomba kikombe cha maji, kijae.

Amani na mimi tulitazamana. Tulijua. Tukamkalisha, Amani akashika mbele, mimi na Noella nyuma, maana msichana huyo anacheza mpira na ana mabega kutushinda. Kikombe kikakaa mapajani. Gari lilikuwa linapiga honi chini, simu ya Amani inalia, ni Furaha. Ghorofa ya pili mguu wa Amani ukateleza kidogo, kidogo tu, na maji yakatia doa kwenye kitenge.

Mama alitazama lile doa. "Mumeniua," akasema. "Murudi juu."

Amani akasema, Mama, tafadhali, watu wako kanisani. Noella akauliza kama bibi amechanganyikiwa. Mama akasema kwa upole uleule wa Babu, upole unaotia hasira, kwamba alibebwa hivyo tangu mtoto na hatakufa kwenye ngazi za watu kwa sababu ya honi. "Vita vimekwisha, batoto. Mubebe polepole."

Tukarudi juu. Niliona jasho kwenye shingo ya kaka yangu na nikataka kulia kwa kuudhika. Tukajaza kikombe, tukashuka upya, ngazi kwa ngazi, Noella akihesabu kwa Kiswidi, kisha akituongoza kwa Kiswahili kibovu: kushoto, baba ngoja, sasa. Hakuna kilichomwagika. Chini, Mama akanywa nusu, akampa Noella iliyobaki. Mtoto akanywa bila kuuliza, maana alikuwa na kiu.

Furaha tulimkuta nje ya kanisa, shada limelegea mkononi, hajaingia. Mama alimpa mkono.

Wakati wetu amani ilichosha kuliko vita, na alikuwapo mzee wa kutulazimisha tuijue. Siku hizi vita vinafikia mwisho kwenye kioo cha simu kabla chai haijapoa, na lifti bado haijatengenezwa. Jumatatu ile fundi hakuja. Tunabeba.