Ndizi Niliyoila

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Kila nikimenya ndizi inanirudia. Nilikuwa Mtwara, miaka michache baada ya Uhuru, nikijifunza kazi ya daktari msaidizi. Aliyenifundisha kushona majeraha ni Bi Somoe, muuguzi mkongwe, mpole wa sauti, mkali wa jicho.

Kwanza tulishona ngozi ya mbuzi kutoka buchani, tumeipigilia misumari ubaoni. Mimi nilikaza kila fundo mpaka mshono ukanyooka kama upindo wa kanzu. Nikajiona fundi! Bi Somoe hakunisifu. Alichukua ndizi mbivu, akalichana ganda kwa wembe.

"Shona hii. Ganda likichanika kwa uzi, anza upya."

Mtu mzima nishone ndizi? Alipotoka tu, nikaila. Aliporudi nikamwambia nimeimaliza, na kweli nilikuwa nimeimaliza. Akaniamini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lilikuwa la mwingine. Kesho yake aliletwa Chilumba, kuli wa bandarini, waya umemchana mkono wa kulia. Bi Somoe akaniachia nimshone peke yangu. Nikakaza vilevile, na kwa nje kazi ilipendeza.

Siku ya pili akarudi ameupakata mkono kama mtoto mchanga. Ulikuwa umevimba, nyuzi zimezama nyamani, kingo za jeraha zimeanza kuwa nyeusi.

"Dokta, vidole sivisikii," alisema. "Mkono huu ndio shamba langu. Ukifa, wanangu watakula nini?"

Nilitamani kusema uzi ndio mbaya. Bi Somoe aliutazama mshono, kisha akanitazama mimi.

"Ile ndizi uliishona?"

"Niliila, Bi."

Hakufoka. Akanipa mkasi. "Kata fundo moja, ruka moja. Polepole. Ngozi ya mbuzi aliyekufa haivimbi. Mtu huvimba, lazima umwachie nafasi."

Nikakata, jasho linanitoka, Chilumba ameuma shuka. Siku tatu nilimsafisha kidonda mwenyewe, na kila mara nikamwomba akunje vidole, havikukunjika. Siku ya nne kikakunjika kidole gumba, kisha vyote. Nililia mbele yake bila haya.

Mwanangu, nawe unapojifunza kazi hii, usidharau zoezi kwa kuwa linafanana na mchezo wa watoto. Kosea kwenye ndizi, usikosee kwenye mkono wa mtu. Na kama hukushona, sema hukushona, kabla mgonjwa hajaletwa.

Mungu aipe mikono yako wepesi, na ulimi wako usiwe mzito kukiri. Amina.