Pijo ya Baba Iliyotiwa Kalafati

Nani kakwambia lile lilikuwa chuma chakavu? Ile ilikuwa gari ya baba, pijo, mzima wewe? Ilikaa nyuma ya nyumba yetu Kibiti ikingoja giaboksi. Baba alikuwa fundi wa mashua kule Mbwera, kwa hiyo gari nayo akaitia kalafati: pamba na mafuta ya papa kwenye kila upenyo wa milango, mvua isiingie.

Serikali ilipofungulia watu biashara, wanunuzi wa chuma chakavu wakaanza kuja kutoka Dar na malori yao. Mmoja akagonga bodi.

"Dogo, hii imeshaoza."

"Umeoza wewe! Mzee yuko Dar anafuata giaboksi."

"Basi fungua tuone."

Nikaichokoa pamba kwa hasira. Nilipokanyaga ndani, mguu ukatoboa sakafu mpaka mchangani. Mvua haikuingia kweli, ila unyevu wa ndani ulikosa pa kutokea, ukaila sakafu kwa kutu.

Nikamfukuza yule mtu, nikairudishia pamba kama ilivyokuwa. Jioni baba akashuka kwenye basi la Dar na giaboksi yake, anacheka kama bwana harusi.

"Mwanangu, njoo tufungue mlango!"

Haya, mjuaji, wewe ungemwambia nini?