Lenzi ya Bosi na Samaki wa Chini ya Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini pale Hyattsville, jimboni Maryland huku ughaibuni, Bosi alinivisha glavu nene kama za kutolea mikate jikoni, akaniwekea mezani kifuniko cha plastiki. "Kifungue," akasema. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, ingawa nje kulikuwa na theluji. Akacheka. "Basi bado hakijafaa. Mvuvi akivua glavu, vidole vinaganda."

Huo ndio ulikuwa ufundi wetu, wanangu. Ziwa likiganda, wenyeji wa huku hutoboa tundu kwenye barafu, wakakaa hapo na kisanduku kiitwacho flasha. Hicho hutuma sauti majini, na inaporudi, mistari ya rangi huwaka kwenye uso wake wa duara: sakafu ya ziwa, chambo, na samaki akija. Sisi tulitengeneza kifuniko cha kuukinga uso huo na theluji na mikwaruzo, chenye lenzi ya kukuza mistari. Nilipomweleza mke wangu, alidhani nimetapeliwa. "Kwani samaki dukani wameisha?"

Lenzi aliibuni Bosi kwa ajili yake mwenyewe, maana macho yalianza kufifia. Kila msimu alitaka yenye nguvu zaidi, akisingizia wateja. Msimamizi wa ukaguzi, Mama Wanjiru, Mkenya asiyepitisha mkwaruzo hata mwembamba kama unywele, alininong'oneza: "Baba Neema, hakuna customer ame-complain. Ni yeye haoni. Siku atashindwa kusoma hiyo kitu, ataacha kwenda ziwa, na ziwa ndiyo maisha yake." Niliumia, kwa kuwa nilishampenda yule mzee na ukali wake.

Tulijitahidi. Toleo moja lilishika ukungu: tulilifunga kiangazi, unyevu wa Maryland ukabaki ndani, ukaganda ziwani. Tukatoboa kitundu cha kupumulia pembeni. Mwishowe lenzi ikawa nene mno, mistari ikapinda. Bosi akaigeuzageuza, akaiweka chini. "Imetosha," akasema. "Haiwezi kuzidi hapa." Siku hiyo hakutaja wateja.

Nilistaafu majira ya baridi yaliyopita. Badala ya keki, Bosi alinipeleka ziwani, milimani magharibi ya jimbo, binti yake akiendesha gari. Miaka yote ile sikuwahi kukanyaga ziwa lililoganda. Nilitembea kama bata. Tuliketi penye tundu. Bosi akaifunika flasha kwa kifuniko chetu, akaiinamia lenzi mpaka pua ikaigusa. Kisha akanisogezea kisanduku.

"Niambie unachoona."

Nikainama. "Sakafu, Bosi. Chambo chako juu yake kidogo." Nikainama zaidi. "Kuna mstari mwekundu. Unapanda."

"Haraka?"

"Polepole. Unakikaribia chambo. Umekigusa!"

Akavuta. Samaki alitoka akirukaruka juu ya barafu, nasi wazee wawili tukapiga kelele mpaka binti yake akatoka garini.

Siku hizi, Jumamosi za baridi, mwanangu Neema akiniona navaa buti alfajiri, gari la binti wa Bosi likingoja nje, huniuliza kwa Kiingereza chake naenda wapi na hali nimestaafu. Namwambia nina zamu.